Kisu kilichovunjikia shingoni: kisa cha kijana wa Isongole na shilingi laki moja

Mpwa wangu alinijia Uyole, Mbeya, Jumapili moja jioni, mwezi wa Machi, mvua ikiwa bado inamdondoka kofiani. Akaamkia, akakaa, akatoa ndani ya koti gazeti lililoviringishwa. Mlikuwa na kisu, vipande viwili.

"Mjomba," akasema, "nina laki moja. Nataka kisu ambacho hakitavunjika."

Ombi hilo si geni kwangu. Nanoa na kukarabati zana za mkono: visu, mapanga, mashoka, mikasi ya bustani. Kila aliyevunjikiwa huja na neno moja mdomoni, nalo ni "kinene". Cha kwanza kilivunjika, kwa hiyo cha pili kiwe kinene zaidi. Kisa hiki nakieleza kwa urefu kwa sababu tulikifuatilia tangu siku ile ya gazeti hadi msimu mzima wa kazi ulipopita, kila shilingi ikaandikwa, na makosa mawili makubwa yaliyofanyika njiani yalikuwa yangu mimi, si ya kijana.

Kazi yenyewe

Kijana anaishi Isongole, pale barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu inapopita chini ya mlima Rungwe. Siku za wageni anawapeleka ziwa Ngozi, lile la ndani ya kreta, au juu kabisa ya Rungwe, karibu mita 2,960. Siku zisizo na wageni ana mizinga yake ya nyuki. Nilimwambia anitajie kila alichokata kwa kisu kile mwezi uliopita, bila kuongeza chumvi. Akataja: mkate, parachichi, kamba za hema, vijiti vya kuchomea nyama, gundi ya nyuki iliyoganda kwenye mifuniko ya mizinga, masega, na kuni.

Ndani ya msitu wa hifadhi hakati mti, hilo nilitaka lieleweke mapema, maana watu wengi hununua kisu cha kuangusha msitu wakati msitu wenyewe hauruhusiwi kuguswa. Kuni anazotumia kambini hununua kijijini, za mkalitusi, na huko Rungwe kunakonyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka kuni za kununua zimelowa nje. Ili moto uwake inabidi upasue kijiti upate moyo wake mkavu, kisha ukichonge vinyweleo vyembamba. Hapo ndipo kisu kilipokatikia. Alikisimamisha juu ya kuni yenye unene wa kifundo cha mkono, akakigonga mgongoni kwa gongo, mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu akabaki na mpini mkononi mbele ya Wajerumani wawili.

"Panga lilikuwa wapi?" nikamuuliza.

Akacheka kwa aibu. Wageni, akasema, wanaliogopa panga. Ukilishika kiunoni siku ya kwanza wanakutazama mikono safari nzima. Mimi ningesema wazoee, lakini riziki ni yake. Jibu hilo lilibadilisha hesabu. Kwa mtu mwenye panga, kisu cha kambini kinaweza kuwa chembamba kama cha jikoni, kwa sababu kazi nzito ina mwenyewe. Kijana huyu kisu chake kitafanya sehemu ya kazi ya panga, atake asitake. Basi alikuwa na haki ya kutafuta kisu cha shokoa, cha kazi ngumu.

Kilivunjikia wapi, na kwa nini

Kisu kilinunuliwa soko la Mwanjelwa, Mbeya, kwa shilingi 35,000. Ni vile vya sinema: meno ya msumeno mgongoni, mpini ulio wazi ndani wa kuwekea kiberiti na ndoano, dira ndogo kwenye kifuniko. Kwenye bapa pamechapwa kuwa ni chuma kisichoshika kutu.

Kabla ya kulaumu nilichukua tupa, nikaipitisha taratibu kwenye makali. Ikala. Chuma kilichopikwa sawasawa huikataa tupa, inateleza juu yake kama kisigino kwenye sakafu yenye maji. Hiki kililika kama shaba. Kwa hiyo kilikuwa laini, na ndiyo maana kijana alilalamika kuwa tangu mwanzo kilikuwa hakikai na makali hata siku mbili. Lakini chuma laini hupinda, hakivunjiki. Sasa kilivunjikaje?

Jibu lilikuwa ndani ya mpini. Ile sehemu ya bapa inayoingia kwenye mpini, ambayo wahunzi wanaiita msuka kama ule wa jembe, haikuzidi sentimita tatu. Mwishoni mwake palichomelewa kipande cha boliti, na boliti hiyo ndiyo iliyofungwa kwenye kitako cha mpini. Palipovunjika ni pale pale penye kuchomelewa. Ukipatazama mwangani unaona punje kubwa zinazong'aa, kama sukari ya mawe. Chuma kilichopata moto kupita kiasi na kupoa ovyo huwa hivyo: punje zinakua, na kadiri zinavyokua ndivyo chuma kinavyokatika kirahisi. Chuma chenye afya kikivunjwa ni kijivu, laini kwa macho, kama kauri.

Halafu pembe. Pale bapa linapoishia na msuka kuanza walikata pembe mraba kabisa, kali kama kona ya meza. Nguvu yote ya pigo hukusanyika kwenye kona ya namna hiyo. Fundi nguo anajua jambo hili bila kusoma: akitaka kitambaa kichanike hukipiga mkasi kidogo pembeni, akitaka kisichanike hukizungusha. Meno ya msumeno mgongoni ni mikato mingine ya aina hiyo hiyo, ishirini kwa mpigo.

Nilimwonyesha kijana haya yote kwa kioo cha kukuzia. Akauliza swali zuri: "Sasa dukani ningeyaonaje, mjomba, na yote yako ndani?"

Hapo ndipo penye shida ya kununua kisu cha kazi ngumu. Unachoonyeshwa ni unene, urefu, ala na maneno yaliyochapwa. Unacholipia ni vitu viwili usivyovionea dirishani: namna chuma kilivyopikwa, na kilichomo ndani ya mpini. Safari nzima iliyofuata ilikuwa ya kutafuta jinsi ya kuviona hivyo viwili kwa laki moja.

Kiazi cha Mwanjelwa

Jumatano tulikwenda wote sokoni. Kijana akavutwa moja kwa moja na kisu cheusi, kizito, milimita sita mgongoni, shilingi 70,000. Mpini wake ulikuwa wa vipande viwili vilivyobana msuka, na chuma kilionekana kinazunguka ukingo wote hadi kitakoni. Hilo lilinipendeza; angalau msuka tunauona. Nikanunua kiazi kimoja kwa mama wa pembeni.

"Mzee, hicho si kisu cha jikoni," muuzaji akaniambia.

"Najua, kijana wangu. Lakini atakulaje huko mlimani?"

Nikakata. Kisu kiliingia nusu ya kiazi, kisha kiazi kikapasuka chenyewe, upande mmoja ukaruka. Hakikukatwa, kilipasuliwa kwa kabari. Kipimo hiki nakiamini kuliko kukata karatasi, maana karatasi inapima makali tu na makali mtu unaweza kuyatia mwenyewe. Kiazi kibichi kinapima umbo: jinsi bapa linavyopungua kutoka mgongoni hadi kwenye makali. Kisu cha milimita sita ambacho kimeachwa kinene hadi karibu na makali ni patasi. Kitapasua kuni, lakini hakitachonga vinyweleo vya kuwashia moto, na mkate kitauponda. Muuzaji alicheka na sisi, akakubali kiazi kimemshinda, lakini bei hakushusha.

Tukapita mitumba. Huko nilimwonyesha visu vya bucha, vya Brazili na vya Ujerumani, vilivyochakaa mpini tu. Hivyo ndivyo bidhaa bora kuliko zote sokoni kwa pesa ndogo: chuma kizuri, kimepikwa kiwandani kwa vipimo, msuka unaonekana, shilingi 15,000. Kwa mtu mwenye panga ningemaliza safari pale pale na kurudi nyumbani na chenji. Lakini unene wake ni milimita mbili. Ukikigonga kwenye mkalitusi kitapinda, na kisipopinda leo kitapinda wiki ijayo.

Kuna pia kisu ambacho vijijini kwetu kila nyumba inacho, cha kipande cha panga lililovunjika. Panga la kiwandani lina kaboni ya kutosha kushika makali, na kwa kuwa lilipikwa kuhimili mapigo halikatiki ovyo. Ukilikata kwa grenda taratibu, ukilimwagia maji lisipate moto, unapata kisu cha kuaminika kwa bei ya mpini na riveti. Nilimpendekezea. Akakataa, nadhani kwa sababu kisu cha namna hiyo bibi yake anacho, na mtu akiwa na laki moja mfukoni hataki kutoka na kisu cha bibi.

Akaja na lake: Mora. Mmoja wa wale Wajerumani alikuwa nacho, na kilimvutia kijana sana. Ni visu vya mji wa Mora, Uswidi, kunakotengenezwa visu viwandani tangu karne ya 19, na sina neno baya juu yake. Kile cha kawaida, Companion, huko kwao ni kama dola 20 tu. Kipo cha chuma kisichoshika kutu, na aina yake nzito ina milimita 3.2. Msuka wake haufiki mwisho wa mpini lakini umekamatwa vizuri na plastiki. Ukitaka msuka kamili ununue Garberg, ambacho bei yake ni mara kadhaa ya hiyo. Tatizo halikuwa kisu, lilikuwa njia. Ukiongeza usafirishaji, ushuru, na VAT ya asilimia 18, kisu cha bei ndogo kinafika Mbeya kikiwa na bei ya ukoo mwingine. Ningemshauri amwombe mgeni amletee, na kweli alimwandikia yule Mjerumani, lakini wageni wengine walikuwa wanakuja baada ya wiki tano.

Hapa nitoke nje ya njia kidogo, kwa sababu kijana alishika msimamo kuwa kisu kisicho na msuka wa upana mzima ni takataka. Wengi wanasema hivyo, nao wanakosea. Kile kisu cha wanamaji wa Marekani, Ka-Bar, kilichoingizwa jeshini mwaka 1942 katikati ya vita, kina bapa la inchi 7 na msuka mwembamba tu unaopita katikati ya pete za ngozi hadi kitakoni. Kimefanya kazi ngumu vitani. Msuka mwembamba si dhambi. Dhambi ni msuka mfupi, wenye kona kali, uliochomelewa. Lakini kwa mtu asiyeweza kufungua mpini akatazama, msuka wa upana mzima una faida moja isiyopingika: hauna pa kujificha.

Kwa mhunzi

Tukaishia kwa mzee mmoja mhunzi, si mbali na kwangu, Mkinga wa kutoka Makete. Kazi hii kwao ni ya zamani. Kabla ya majembe ya dukani, Wanyakyusa walikuwa wanapata majembe na mikuki kutoka kwa Wakinga kwa kubadilishana na chakula. Fuawe lake ni kipande cha reli. Sikuuliza kilitoka wapi.

Tulikubaliana hivi: bapa sentimita 11, mgongo milimita nne, msuka wa upana mzima hadi mwisho, na pale bapa linapokutana na mpini pasiwepo kona yoyote, pawe na mviringo kama wa ncha ya kidole. Bila meno. Chuma kitokane na springi ya gari, vile vyuma vinavyopangwa kimoja juu ya kingine chini ya pikapu. Chuma hicho kwa kawaida kina kaboni kama asilimia 0.5 hadi 0.6, pamoja na kromiamu au silikoni kidogo, nacho kilizaliwa kwa kazi ya kupinda na kurudi. Vyuma bapa vya kutengenezea mageti vinafanana nacho kwa macho, lakini kaboni yake ni ndogo mno, hata ukivipika mchana kutwa havishiki makali.

Springi ina hila yake. Iliyochakaa inaweza kuwa na ufa usioonekana, kwa sababu imepinda mara mamilioni barabarani. Tuliipaka mafuta ya taa, tukaisubiri, tukaifuta ikawa kavu, halafu tukaipaka unga wa chaki. Mafuta yaliyonyonywa na ufa hutoka tena na kulowesha chaki, ukaona mstari mweusi mwembamba. Kipande cha kwanza kilionyesha mstari. Tukakitupa. Cha pili kilikuwa safi, na hicho ndicho kilichofuliwa.

Kosa langu la kwanza lilitokea siku ya kukipika. Mzee alikuwa na pipa la maji kando ya tanuri, na nilijua kuwa chuma cha springi hakipendi maji. Kinapoa kwa kishindo, nje kinakuwa kimeshakuwa kigumu huku ndani bado kinajivuta. Kinataka oili. Lakini mzee ana miaka sitini na zaidi, baba yake alizima vyuma kwenye maji, na mimi nilikuja na heshima nyingi kuliko akili. Nikanyamaza. Akachovya. Tukasikia "ti!", sauti ndogo kama kijiti kikavu kinachokanyagwa. Ufa ulianzia kwenye makali ukapanda hadi katikati ya bapa.

Tulikaa kimya. Kisha nikasema nilichopaswa kusema mapema: "Mzee wangu, samahani, ningekuomba tujaribu mafuta."

"Sasa ulikuwa unangoja nini?" akanijibu. "Kila chuma kina mila yake. Jembe silo hili."

Kumbe hakuwa na kiburi chochote. Kiburi nilimpa mimi kichwani mwangu. Alifua kingine bure, nikalazimika kumlipa mkaa.

Mara ya pili tulikwenda polepole. Nilileta sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Chuma kikifika nyuzi kama 770 hakishikwi tena na sumaku, na hiyo ni alama isiyodanganya, wakati rangi ya moto inadanganya. Jua likiwa kali chuma chekundu kinaonekana cheusi. Sumaku ilipokataa kushika tulikiacha kipate moto kidogo tu zaidi, kisha kikaingia kwenye mafuta ya alizeti yaliyopashwa hadi yakawa ya moto bila kuunguza kidole papo hapo. Mafuta ya baridi ni mazito, hayazunguki vizuri. Moshi ulipanda, harufu ya chipsi ikaenea mtaani, watoto wakaja. Hakikulia.

Tupa ikateleza. Lakini kisu kilichotoka hapo ni kigumu kama chupa, na kama chupa kitapasuka. Lazima kirudishwe kwenye moto mdogo kipunguziwe ugumu. Wahunzi wetu hufanya hivi kwa kukiweka kando ya makaa na kutazama rangi inayotambaa, na mzee anaifanya vizuri, ila mimi nilitaka saa nzima ya joto lisilobadilika, nyuzi 200, mara mbili. Nikaenda kwa dada mmoja jirani anayeoka keki za kuuza, mwenye oveni ya gesi yenye kipimajoto. Aliuliza kama nataka kiive kwa hamira au bila hamira. Kilipotoka mara ya pili kilikuwa na rangi ya asali nyepesi, na mpwa wangu mfuga nyuki alikuwa wa kwanza kusema hivyo.

Mpini tuliweka mninga, riveti tatu za shaba. Ala ilikuwa ubishi mwingine. Kijana alitaka ngozi. Ngozi ni nzuri machoni, lakini Rungwe ngozi hailali kavu, na chuma cha springi kinashika kutu. Ili chuma kisishike kutu kinahitaji walau asilimia 10.5 ya kromiamu, na hiki hakina hata asilimia mbili. Tukatengeneza ala kwa kipande cha bomba la maji la plastiki: unalipasua, unalipasha juu ya jiko hadi linalegea kama chapati, bila kuliunguza, unakibana kisu kati yake kwa mbao mbili na jiliwa, linapoa na kushika umbo. Tundu chini la kutolea maji. Shilingi elfu sita pamoja na kamba.

Hesabu

Bapa na upikaji vilikula 45,000, mpini 10,000, ala hiyo 6,000. Jiwe la kunolea lenye pande mbili lilikuwa 12,000 na tupa ndogo 8,000. Jumla 81,000. Kijana alitaka zile 19,000 zilizobaki aziongeze kwenye urembo wa mpini. Nikamwambia akanunue kile cha bucha cha 15,000, kwa ajili ya mkate na parachichi, ili hiki kisifanye kazi zote. Alikubali kwa shingo upande, na sasa anasema hicho ndicho anachokishika mara nyingi zaidi.

Jiwe ni sehemu ya bei ya kisu, sio nyongeza. Watu hutumia pesa yote kwenye chuma, kikifa makali wanakipeleka kwa mwenye grenda, naye kwa dakika moja anaunguza kazi yote ya tanuri na oveni. Ukiona makali yamekuwa ya bluu baada ya kunolewa kwa mashine, ujue pale pamelegea.

Majaribio tuliyafanya uani kwangu. Kiazi kilikatwa vipande vyembamba bila kupasuka. Makali tuliyakandamiza juu ya kijiti cha shaba, tukayaona yanapinda kidogo na kurudi. Yangebaki yamepinda tungejua ni laini, yangemeguka tungejua ni makavu mno. Kisha mkalitusi, gongo, mapigo arobaini. Kijana alikuwa anahesabu kwa sauti huku amefumba jicho moja.

Baada ya msimu

Alikirudisha mwezi wa Juni, masika yamekwisha, nikakikagua. Shingo ni nzima; nilipaka tena mafuta ya taa na chaki, hapakuwa na mstari. Bapa limeota madoa meusi ya utomvu na parachichi, ambayo hayana madhara, na vitone vitatu vya kutu ya kweli karibu na mdomo wa ala. Vile vitone ni vya uvivu: nilimwambia akipake mafuta ya kula kila jioni, akapaka kila alipokumbuka.

Ncha ilikuwa imepinda kama milimita mbili. Hilo ni kosa langu la pili. Aliitumia kubandua mifuniko ya mizinga, ambako gundi ya nyuki asubuhi ya baridi inakuwa ngumu kama lami, na mimi nilikuwa nimeichonga ncha nyembamba kama ya kisu cha samaki kwa sababu ilipendeza. Kazi ya mizinga aliitaja siku ya kwanza kabisa, nami niliiandika. Nikaisaga ncha, ikarudi nyuma kidogo, ikawa butu na nene zaidi. Sasa haipendezi. Nilimshauri pia atafute kipande cha nondo bapa cha kubandulia, maana kisu kuwa kigumu haimaanishi ni mtaimbo.

Kuna jambo lingine halikwenda kama nilivyopanga. Yule Mjerumani alileta kweli ile Mora, akampa kijana kama zawadi. Nilidhani kazi ya mhunzi itawekwa kabatini. Kijana alikwenda nayo mlimani mara mbili, akarudi akasema ni kali kuliko yetu, ni nyepesi kuliko yetu, haishiki kutu, na kuni za mkalitusi inazipasua bila malalamiko ukichagua zilizonyooka. Yote ni kweli. Angekuwa nayo mwezi Machi pengine hadithi hii isingekuwepo. Lakini anatembea na ile ya springi, kwa sababu kila mgeni anaiuliza, naye anapata pa kuanzia: chaki, sumaku, oveni ya keki.

Mora aliiacha nyumbani kwa mama yake, yaani dada yangu, anayemenya ndizi mbichi kila siku. Visu vyake vyote vilikuwa vimekuwa vyeusi kwa utomvu, hiki hakibadiliki rangi. Mwezi uliopita nilipita Isongole nikamwomba anipe nikaupime ule unene wake wa milimita 3.2, nihakikishe.

"Utaupima nikimaliza," akasema, akasogeza sinia jingine la ndizi.